Upepo wa Kibundila

Lwamba alifika kwa fundi Mugisho akiwa ameshaamua, na mtu aliyekwisha kuamua ndiye anayeuliza maswali mengi kuliko wote. Alizunguka karakana mara mbili, akapiga teke tairi lisilo na kosa, akauliza bei ya vitu asivyovitaka. Mugisho alimwacha azunguke. Alikuja Kasongo kutoka Bukavu kwa kazi ya mwaka mmoja, sasa ulikuwa wa kumi na nne, na madereva aliwajua kama alivyoyajua magari yao: ukiwaharakisha, wanazimika.

"Ninataka gari ijitie upepo yenyewe," Lwamba alisema mwishowe. "Nikitoka kwenye tope, nijaze mipira, niende. Bila kungojea mutu."

"Bila kungojea mutu," Mugisho alirudia, akipangusa mikono yake kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Kwa asiyeijua njia ya Kasongo kwenda Kabambare, na heri yake, mambo yako hivi. Ukishaiacha Wamaza, njia inapanda mawe mpaka kijiji cha Kibundila, kisha inaporomoka bondeni kwenye tope jeusi la urefu wa uwanja wa mpira. Tairi lililojaa upepo huzama humo kama kisu kwenye ugali. Basi dereva hupunguza upepo mpaka tairi linatandaza tumbo, ndipo gari linapita juu juu. Lakini ukitoka kwenye tope, upande wowote utokeao, mawe yanakungoja, makali, na tairi lililolegea likikutana nayo huchanika ubavu. Kwa hiyo upepo ulioutoa huna budi kuurudisha palepale. Kuutoa ni dakika mbili. Kuurudisha ilikuwa saa nzima.

Waliourudisha ni wanaume wa Kibundila. Walikuwa saba, na mkubwa wao alikuwa Clovis, kaka yake Lwamba, mtoto wa kwanza wa mama yao. Wanne walishika pompi za mkono, kila mmoja tairi lake, wakihesabu kwa wimbo wa Kizimba ambao kila ubeti ulikuwa mikupuo hamsini. Tairi moja lilikula beti sita au saba. Watatu waliobaki walikuwa bondeni na majembe na matawi, na hakuna dereva aliyewahi kuuliza wanafanya nini huko. Wimbo ukiisha, dereva alitoa pesa, makuta yaliyoitwa "ya upepo", akawasha gari, akaenda zake.

Hata gari lenyewe la Lwamba, Land Cruiser kuukuu lenye mabenchi nyuma, lilitoka mikononi mwa Clovis. Baba yao alipokufa aliacha shamba la michikichi, na Clovis, mwenye neno la mwisho, alikubali liuzwe ili mdogo wake awe dereva. Hakutaka hata ukucha. "Weye ni mutu wa njia," alimwambia. "Mie ni mutu wa hapa. Gari itapita kwangu kila juma. Inatosha."

Sasa Lwamba alitaka lipite bila kusimama. Aliyemsukuma ni Aganze, mnunuzi wa dhahabu, aliyekodi kiti cha mbele kila Jumatano kutoka Kabambare kurudi Kasongo. Aganze alikuwa mtu mpole, mkarimu, anayesalimia mpaka mbuzi, na hilo ndilo linalochosha katika habari hii: hata wa kumlaumu vizuri hakuna. Mwaka ule wanunuzi wawili walivamiwa njiani na kunyang'anywa. Aganze alikuwa akikaa pale Kibundila saa nzima na dhahabu kiunoni, mahali ambapo dunia nzima ilijua gari linasimama na linasimama saa ngapi.

"Lwamba, mie nina watoto," alimwambia. "Tafuta namna ya upepo, ao mie nitaenda na moto kama wengine."

Wengine walikuwa wameshakwenda. Pikipiki, ndizo hizo moto, ziliwachukua abiria wa Lwamba mmoja mmoja, kwanza vijana, kisha wafanya biashara, kisha hata mapadri. Bila Aganze gari lile lingekuwa kiota cha kuku uani. Lwamba aliogopa, na mtu mwenye hofu si mtu mbaya. Ila hofu ina jicho moja tu.

Mugisho aliweka vitu mezani. "Iko namna tatu," alisema.

Ya kwanza ilikuwa kisanduku cha umeme, kidogo kama redio, chenye waya mbili za kubana kwenye batri. Kilikuwa kipya, kinang'aa, na Lwamba alikipenda kwa macho. "Hii itajaza mupira ya kwanza, itajaza ya pili," Mugisho alisema. "Ya tatu itapata joto, italala. Utaingojea ipoe kama unangojea bibi arusi. Iko ya watu wa lami."

Ya pili ilikuwa chupa ya gesi, nzito, nyeusi. Unafungua, tairi linajaa kabla hujamaliza kukohoa. Lwamba aliuliza inajazwa wapi ikiisha. Mugisho akasema Bukavu. Wote wawili wakacheka, na chupa ikarudi chini ya meza.

Ya tatu haikuwa mezani. Mugisho alimpeleka nyuma ya karakana, kwenye gari la shirika fulani lililokufa miaka mingi, majani yameota kwenye viti. Akafungua boneti, akagonga kwa ufunguo kitu kama chungu cha chuma: pompu iliyokuwa ikiwapoza wazungu wasitoke jasho. "Hii ninaitoa, ninaifunga kwako. Moteri inazungusha mukaba, mukaba unazungusha hii. Chini ya gari ninachomea tangi ya upepo ya kamio, ile lori kubwa. Ninakuwekea bomba refu ya kufika mipira yote. Haichoki. Mipira ine, dakika sita."

"Na mubaya wake?"

"Moteri ikikufa, upepo hakuna. Na inakunywa mafuta kidogo kila juma. Ukisahau, itakula chuma yake yenyewe. Tembea na mukaba wa pili."

Lwamba alipiga magoti, akaizungusha kwa mkono, akaisikiliza, akanusa mafuta yake ya zamani. Aliuliza tangi litafungwa wapi ili mawe yasiligonge, na bomba litapita wapi ili lisiungue. Alichagua ya tatu. Alichagua vizuri. Lazima isemwe hapa, maana baadaye alitamani sana iwe alichagua vibaya.

Kulikuwa na namna ya nne, ya pompi nne na wanaume saba. Hiyo haikutajwa. Mugisho hakuwa akiiuza, na Lwamba alikuwa amesahau kwamba nayo ni kitu cha kuchaguliwa.

Jioni, mkewe Pascaline alimwekea chakula, akakaa.

"Yaya Clovis ulimuuliza?" aliuliza, akimtaja kaka mkubwa wa mumewe kwa jina la heshima.

"Nimuulize nini? Gari iko yangu."

"Sikusema gari ni ya nani," Pascaline alisema, akaondoka kwenda kuita watoto. Lwamba alikula peke yake, akajiambia kwamba wanawake hawajui mambo ya injini.

Jumatano ya kwanza ya mashine ilikuwa Septemba, mvua zimeanza juzi. Gari lilitoka kwenye tope likapanda hatua chache mpaka pale penye jiwe bapa, kabla ya mawe makali, mahali pa siku zote. Wanaume wa Kibundila walikuwa wamesimama na pompi zao. Clovis alikuja akitabasamu, kwa mwendo wake wa kuinama kidogo, kama mtu ambaye mgongo umezoea kazi moja. Lwamba alimsalimia, akamuuliza habari za Falone, mke wake, akamuuliza habari za mihogo. Kisha akafungua kisanduku cha pembeni, akavuta bomba.

Mashine ililia kwa sauti yake ya nyuki, upepo ukaingia tairi la kwanza, la pili. Abiria mmoja alipiga makofi. Aganze alitazama saa yake na kucheka peke yake kwa raha. Dakika sita, kama Mugisho alivyosema. Wale wanaume walitazama matairi yakinyanyuka bila mtu kuinama, na mmoja aliweka pompi yake chini polepole, kana kwamba ingeamka.

Lwamba alitoa makuta mfukoni, sawa na siku zote, akamnyooshea kaka yake. Clovis aliyatazama.

"Ya nini?"

"Ya... chukua tu, yaya. Ya sabuni."

"Upepo ni wako," Clovis alisema. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali. "Mie nitakula makuta ya mudogo wangu kwa kazi gani? Siko muzee wa kusaidiwa kanisani. Enda, batu wanakungojea."

Lwamba alirudisha makuta mfukoni, akapanda, akawasha gari. Kwa kilomita mbili alimkasirikia kaka yake. Hivi ndivyo tulivyo: tukimkosea mtu, wa kwanza kununa ni sisi.

Kasongo habari njema haikai mahali pamoja. Kabla ya mwisho wa Oktoba madereva wengine wanne walikuwa wameshakwenda kwa Mugisho, na mizoga yote ya magari mjini ilikuwa imefunguliwa vifua. Lwamba alijivuna. Walimwita mwalimu. Aganze alimletea rafiki zake wawili, gari likajaa tena, na Pascaline alinunua kitenge bila kuulizwa kwa nini.

Tope tu ndilo lililokuwa likiharibika. Novemba gari lilikwama dakika ishirini. Desemba, saa moja. Lwamba na wenzake walilaumu mvua, wakasema mwaka huu imezidi, wakalaumu malori ya mchele, wakailaumu serikali, ambayo hailaumiki vibaya kamwe. Kila mmoja aliteremka, akasukuma, akalaani, akapanda hadi jiwe bapa, akajaza upepo kwa dakika sita, akaondoka. Wanaume wa Kibundila hawakuwepo tena. Kwanza walipungua, kisha wakabaki wawili wamekaa, kisha jiwe likabaki peke yake.

Mwezi wa kwanza Lwamba alisimama kwa Falone kuacha chumvi na sabuni. Alimuuliza kaka yake yuko wapi.

"Alienda kwenye dhahabu," Falone alisema. "Wote saba walienda. Kuko mashimo mupya, karibu na Kabambare."

"Yaya ana miaka hamsini na tatu. Kwenye shimo atafanya nini?"

Falone alikuwa akipepeta mchele. Hakunyanyua kichwa. "Atafanya kazi, shemeji. Mikono iko yake."

Lwamba alisema atamtafuta, atamrudisha. Alisema hivyo kwa moyo wote. Na alipita karibu na mashimo yale mara sita, kila mara na abiria wenye haraka.

Mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, Lwamba akiwa amelala Kabambare, simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa Aganze, yuko machimboni. Ukuta wa shimo ulikuwa umemwangukia Clovis jioni iliyopita. Walimfukua akiwa hai, ila mguu wa kushoto ulikuwa umesagika chini ya goti. Nesi wa kituo cha pale alisafisha, akafunga kwa vijiti, akasema maneno mafupi: huyu apelekwe Kasongo kwa daktari wa kupasua, na afike leo. Si kesho. Leo.

Lwamba alimfuata machimboni, akaendesha siku ile kama ambavyo hakuwahi kuendesha. Aganze ndiye aliyenunua godoro, akalitandika nyuma kati ya mabenchi, akakaa chini kando ya mgonjwa akimshikia mguu kila gari liliporuka. Nilisema: hata wa kumlaumu hakuna. Saa nne asubuhi walifika bondeni. Ng'ambo, juu ya kilima, Lwamba aliyaona mapaa ya Kibundila, na la tatu kushoto lilikuwa la kaka yake.

Alishuka, akapunguza upepo matairi yote manne, akapanda, akaingia kwenye tope.

Lilimeza gari nusu ya njia. Halikuwa tope la zamani. Chini hapakuwa na kitu cha kukanyaga. Lwamba alipunguza upepo zaidi, akajaribu; akajaza kwa mashine, akajaribu; akapunguza tena. Mashine ilijaza kila ilipoambiwa, bila kuchoka, kama ilivyoahidiwa. Matairi yalizunguka yakirusha weusi hewani, na gari likakaa juu ya tumbo lake.

"Tuko wapi?" Clovis aliuliza kutoka nyuma.

"Kwetu, yaya. Kwenye tope."

Midomo ya Clovis ilikuwa imekauka. "Kamata kushoto. Kushoto tuliweka mawe."

"Niko kushoto."

"Kushoto kabisa. Karibu na matete."

"Niko pale pale, yaya. Matete ninayashika kwa mukono."

Aganze aliinamisha kichwa.

"Basi yalizama," Clovis alisema. "Ile mawe inataka kuongezwa kila juma. Na matawi juu. Ikikosa wiki tatu, inaenda chini."

Lwamba alisimama ndani ya tope mpaka magotini, mkono kwenye ubao wa gari, akauona ujinga wake wote mara moja, kama mtu anayewashiwa taa chumbani. Wale watatu wenye majembe. Miaka yote ile, kila gari lililopita liliacha vidonda, na watatu walishuka kuviziba wakati wanne wakijaza. Upepo ulikuwa namna ya kulipwa tu. Kazi ilikuwa tope.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?" Clovis alifumba macho. "Nikuuzie njia? Mie niko mutu wa bariere?"

Neno lile lilikuwa la baba yao. Njia zote za Maniema zina bariere, yaani vizuizi, kamba imefungwa miti miwili na mtu mwenye bunduki au karatasi anataka makuta ili upite. Baba yao aliapa kwamba Kibundila haitafunga kamba. Njia haiuzwi, alisema. Kama maji ya mto hayauzwi. Auze mtu jasho lake, si pa kupita. Ndipo wanaume wakatafuta kitu cha kuuza kisichokuwa njia, wakapata upepo, na kwa makuta ya upepo wakailisha njia kwa miaka ishirini bila kumdai dereva. Lwamba alikua chini ya maneno hayo. Alikuwa ameyasikia mara mia, kisha akaenda Kasongo akajifunza injini.

Falone alikuja mbio, na wanawake wa kijiji, na wazee wawili, majembe mabegani. Mwanamume mwenye nguvu hakuwepo hata mmoja. Wote walikuwa kwenye mashimo. Walichimba, wakakata matawi, wakaweka. Tope lilikula kila kitu. Saa saba walimbeba Clovis kwa machela mpaka kijijini, wakasimamisha pikipiki, wakamfunga kati ya watu wawili. Kwenye jiwe la kwanza alizimia. Kwenye la pili damu ilianza kupita kwenye bandeji, dereva wa pikipiki akageuza. Walimlaza nyumbani kwake, kwenye kitanda chake, na Falone alimpepea, na mchana ukapita, kila mtu akiujua unavyopita.

Gari lilitoka kesho yake saa tatu. Liliinuliwa na wasukuma baiskeli ishirini waliokuwa wakipeleka mafuta ya mawese Kabambare. Waliweka mizigo yao chini bila kuombwa, wakaingia kwenye tope na nguo zao.

Daktari wa Kasongo alikuwa kijana, sauti ya chini. Alifungua bandeji, akanusa, akaifunga tena. "Jana ningejaribu kuuokoa," alisema. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Wakati kaka yake akiwa kwenye meza ya daktari, Lwamba alikwenda uani akafungua boneti. Aliikagua ile pompu kwa vidole na kwa sikio. Aliangalia ule mukaba, mafuta, bomba, tangi, kifungo kimoja kimoja. Angepata hata skrubu moja iliyolegea angeshukuru Mungu. Angemwendea Mugisho, wangepigana, ingekuwa imekwisha. Hakupata kitu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wahenga hawakufika Kibundila. Huko aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe, na asiyesikia alikuwa mzima, amesimama uani kwa miguu miwili, amejaa grisi, analia.

Clovis alirudi kwake mwezi wa tano. Lwamba aliwaendea madereva wengine, akawaambia wachange, walipe watu watengeneze tope. Walikubali wote. Kisha wakauliza watu gani. Wale sita waliobaki walikuwa kwenye dhahabu, na dhahabu haimrudishii mtu jembe lake. Pascaline aliliosha gari lile damu kwa mikono yake, akakitundika kile kitenge, hakukivaa tena.

Jumatano moja, mvua zikiwa zinakatika na tope limeanza kushika, Lwamba alipita bila kukwama, akapanda mpaka jiwe bapa. Clovis alikuwa amekaa juu yake, gongo kando, suruali imekunjwa na kufungwa kwa kamba. Karibu naye, ukutani pa kibanda, pompi nne zilikuwa zimeegemea, zina vumbi.

Lwamba alizima injini. Bomba la mashine lilikuwa mahali pake. Hakuligusa. Alikwenda ukutani, akachukua pompi moja, akaipangusa, akaifunga kwenye tairi la mbele na kuanza.

Alihesabu. Hamsini. Mia. Wimbo ulimjia vipande vipande, akauimba chini chini, akikosea maneno. Mia na hamsini. Shati lililowa, kiganja kikatumbuka mahali ambapo usukani haukuwahi kupagusa. Nyuma, abiria walianza kunong'ona. Aganze alikaa kiti cha mbele, mkono kiunoni penye dhahabu. Jicho lake lilikwenda kwenye saa, likarudi, likaenda tena. Lwamba hakumtazama Clovis. Alitaka aambiwe kitu, chochote, hata tusi. Alitaka kaka yake acheke, amwambie anashika pompi kama mwanamke anayetwanga. Mia mbili.

"Mudogo," Clovis alisema.

Lwamba alisimama, pompi mkononi, pumzi juu juu.

"Acha. Unachelewesha batu. Na ule mutu ana haki ya kuogopa." Aliinyoosha ile nusu ya mguu juu ya jiwe, akaishika kwa mikono miwili. "Washa mashini yako. Ile siku sikuisikiliza vizuri."

"Yaya."

"Washa."

Lwamba aliwasha. Mashine ililia. Alipeleka bomba tairi hadi tairi, na alipopita karibu na jiwe aliona midomo ya kaka yake inakwenda: alikuwa akihesabu beti, kwa mazoea, kila tairi beti zake. Mashine haikumngojea. Alikuwa hajamaliza ubeti wa pili, tairi lilikuwa limeshajaa, akaanza upya na la pili, akakatishwa, akaanza na la tatu. Kwenye la nne aliacha.

Lwamba alizima mashine.

"Iko muzuri," Clovis alisema. Alisema kweli, kama fundi anavyosema kweli juu ya kazi ya mwenzake. "Mugisho hakukudanganya. Iko muzuri sana."

Lwamba alisubiri kama kuna jingine. Hapakuwa na jingine. Alikunja bomba, akalifungia, akarudisha pompi ukutani pamoja na zile nyingine. Kisha akapima matairi, kwa sababu ndiyo kazi, na yote manne yalikuwa sawasawa.